Disemba Mtaani Bila Ushago

Enzi zetu Makadara, Nairobi, hakuna mwezi ulionitesa kama Disemba. Shule zikifungwa tu, mtaa mzima unaelekea ushago, kila mtu kijijini kwao: magodoro juu ya basi, mikate ya kumpelekea bibi, yaani shosho, watoto wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Sisi tulibaki. Baba na mama walikimbia vita Burundi kabla sijazaliwa, na baba akapata kazi ya kuchoma nyama Soko la Burma. Kwao hakutaka hata kukutaja.

Basi nikadanganya. Wenzangu waliporudi na mapera na miwa, niliwaambia kwetu kuna mto wenye mamba saba, na kila mmoja babu amempa jina. Weee, walivyonisikiliza! Mama Nekesa, jirani yetu kutoka Bungoma, alinisikia akanitandika kwa slipa hadharani. Siku hizo ukikosa, mama yeyote anakunyoosha, na ukienda kushtaki nyumbani unaongezwa. Hawa watoto wa leo ukiwakazia jicho tu, wanakurekodi! Lakini Disemba iliyofuata alinichukua Bungoma pamoja na Nekesa wake. Nilikula kuku hadi nikaugua.

Nilipofika miaka kumi na minane nikaenda kuomba kitambulisho. Makaratasi ya baba yalikuwa sawa, ila wazee wa kuhakiki uraia wakaniuliza, "Kijiji cha babu yako ni kipi?" Baba hakuwahi kunitajia. Bila kitambulisho hakuna chuo, hakuna kazi. Ningebaki mgeni pale pale nilipozaliwa. Mama Nekesa, aliyekuja kunitolea ushahidi, akasimama, akajifunga leso vizuri.

"Wazee, huyu nimemchapa kwa mkono huu. Kwani mimi huchapa watoto wa wageni?"

Wazee wakacheka, wakatia sahihi. Nililia hadi barabarani, na sioni haya kusema.

Sasa naishi Donholm, ghorofa ya tano. Mama Nekesa alishatangulia mbele ya haki. Binti yangu naye ametimiza kumi na minane, anaomba kitambulisho, na ameambiwa alete jirani anayemjua tangu utotoni. Jana nilibisha mlango unaotazamana na wetu. Miaka tisa tunapishana na huyo mama kwenye ngazi. Akafungua kidogo tu, mnyororo bado umefungwa, akanitazama juu hadi chini.

"Samahani," akasema, "wewe ni nani?"