Nilimfukuza Mama Mkwe kwa Neno Moja

Nilimfukuza mama mkwe wangu nyumbani kwangu saa nne asubuhi, chai yake ikiwa bado inatoa mvuke mezani.

Ndiyo. Mama mkwe. Mzaa chema. Nilaani kwanza, nakusubiri, halafu tuendelee.

Mimi ni fundi friji, kazi yangu naifanyia verandani nyumbani. Mke wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za siku nyingi. Binti yetu ana miaka sita na hajawahi kukanyaga shule. Namfundisha mwenyewe, palepale katikati ya mafriji mabovu. Na hatumchapi. Hata kofi.

Tuliamua hivyo kwa akili zetu timamu. Ila ukiamua jambo ambalo mtaa mzima haulifanyi, unakosa raha. Muuza duka akiniuliza tu, "Leo mko nyumbani?" mimi nasikia, "Shule je?" Namshushia hotuba ya dakika kumi. Maskini, alitaka kujua kama naweza kupokea friji lake.

Mke wangu naye ni walewale. Tukawekeana sheria: ndugu yeyote atakayeleta maneno kuhusu malezi yetu, tunamblock kwenye simu. Shangazi yangu ndiye aliyefungua dimba.

Sasa mama mkwe akaja kututembelea. Siku mbili nzima yuko kimya, anamtazama mjukuu wake. Kimya kile kilinisumbua kuliko maneno. Natoka, naingia, nafungua skrubu, nafunga zilezile.

Siku ya tatu tunakunywa chai. Mtoto kakaa sakafuni, katupa mgongo, anachora. Bibi yake akamwita. Kimya. Akamwita tena. Kimya.

Akaweka kikombe chini.

"Baba," akaniambia taratibu, "huyu mtoto hasikii."

Nikawaka.

"Hasikii kwa sababu hachapwi, siyo? Sema tu, mama! Siku mbili unalitafuta hilo neno!"

"Baba, ngoja kwanza nikueleze..."

"Nimeelezwa sana! Mwanangu akizama kwenye jambo lake haitiki, ndivyo alivyo. Ndiyo maana tunamwita Profesa. Kama malezi yangu yanakukera, mlango ule pale."

Akanyanyuka, akachukua begi lake. Mlangoni aligeuka, midomo ikamcheza, akaondoka.

Jioni mke wangu alipopiga kutoka safarini, nikatoa povu lote. Akasema, "Sheria ni msumeno." Tukamblock mama yake mzazi. Wote wawili.

Ikapita miezi mitatu. Usidhani nilikuwa na amani. Mchana kutwa nilijibizana na yule mama kichwani mwangu, kila mara nashinda mimi, na bado moyo hautulii.

Mchana mmoja mke wangu akapiga kuongea na mtoto. Mikono ya Profesa ilikuwa imejaa rangi, kwa hiyo nikamwekea simu mwenyewe, sikio la kushoto.

"Baba, simu imekufa."

Nikaichukua, nikasikiliza. Mke wangu anaongea vizuri tu. Nikamrudishia.

"Imekufa tena."

Nikapuliza spika. Nikaifuta kwa kitambaa. Nikamrudishia. Akatikisa kichwa. Mara tatu nilipima simu, jamani! Mara tatu! Ndipo nikaihamishia sikio la kulia.

"Aah! Mama huyu hapa!"

Walipomaliza kuongea nikasimama mbali nyuma yake, nikamwita. Nikaita kwa nguvu. Hakugeuka, anaendelea kuchora.

Kesho yake tuko hospitali. Daktari akasema usaha ulikuwa umejikusanya ndani kwa muda mrefu.

"La kushoto mmechelewa. La kulia limeshaanza kuharibika, ila hili tutaliokoa. Mngekuja miezi mitatu nyuma, pengine tungeyaokoa yote mawili."

Miezi mitatu. Wala daktari hakujua alichonifanya kwa maneno yale.

Siku mke wangu alipopaki lori, tulikwenda watatu kwa mama yake. Mtoto akabaki uani anachora, mimi nikapiga magoti sebuleni, na kitambi changu chote.

"Mama, kumbe ulimaanisha masikio."

"Nilimaanisha masikio, baba."

Akagusa sikio lake. "Hili langu lilikufa nikiwa na miaka saba. Mwalimu anasema hasikii, nachapwa. Nyumbani wanasema hasikii, nachapwa. Mpaka nimeolewa ndipo nikapimwa."

Hata mke wangu hilo hakulijua. Alidhani kwamba mama yake hasikii vizuri kwa sababu ya uzee.

"Zile siku mbili," mama akaendelea, "nilikuwa nakutazama. Unamwita mtoto mara tano, haitiki, unamfuata, unainama, unamwonyesha. Hunyanyui hata mkono. Nikasema, mjukuu wangu kapata bahati niliyoikosa mimi. Nilitaka kukushukuru, halafu nikuombe ukampime. Basi tu, nikaanzia mwisho."

Nililia. Sioni aibu kuliandika hilo.

Bado namfundisha nyumbani, na fimbo haijaingia kwangu. Sijutii hata kidogo. Ukitaka kunisema kwenye maoni, karibu, siku hizi nasoma mpaka mwisho.

Ila wewe mzazi mwenzangu uliyechagua njia yako peke yako, nisikilize. Shikilia msimamo wako, lakini mwache mtu amalize sentensi yake. Mimi sikumwacha. Na aliyeumia si mama mkwe wala si mimi. Ni mtoto wa miaka sita, ambaye mpaka leo hajui kwamba baba yake aliambiwa mapema.