Ndege ya Anselm Isiyohitaji Uwanja

Nilikuwa napepeta mchele nyumbani kwetu Ziba simu ilipoita. Ni Emilian, aliyekuwa akitengeneza redio na mdogo wangu Anselm pale Ng'ambo, Tabora mjini.

"Dada Koleta, keti kwanza."

Sikuketi. Moyo uliomsumbua Anselm tangu utotoni ulikuwa umesimama asubuhi hiyo. Alikuwa na miaka thelathini na mbili.

Ndugu wakanikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa kusomwa msibani. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, shule, kazi, ugonjwa: nusu ukurasa, basi. Nililia. Mungu alimpa moyo dhaifu na mikono ya ajabu, na hayo ya mikono hayakuwemo.

Anselm aliunda ndege kwenye mchezo wa kompyuta. Alipenda zile zenye mapanga kama ya helikopta kwenye ncha za mabawa, yanayotazama juu wakati wa kupaa, kisha yanalala kutazama mbele wakati wa safari. Yake ilikuwa na mkia mrefu kama wa kenge, na ndani nafasi ya kitanda cha mgonjwa. Masika moja utotoni, akiwa mgonjwa, baba alimsukuma kwa baiskeli kwenye matope hadi hospitali, naye hakusahau. Alitaka ndege ya kutua uani. Lakini kila ikipaa, ilibinukia nyuma.

Krismasi iliyopita alikuja nayo kwenye laptop. Baba yetu, mzee Raymundi, akasimama nyuma yake.

"Na ndevu zote hizo, bado unacheza?"

"Sichezi, baba. Naanguka."

"Naona. Mkia mzito."

"Nimehamisha tangi la mafuta mara kumi!"

Baba akacheka. Ujanani aliuza maji kwa mzega, madebe mawili yakining'inia kwenye ncha za mti begani. "Mjinga wewe. Madebe hayaguswi. Unasogeza bega."

Anselm akatazama kioo cha laptop. Akaacha mizigo palepale, akasogeza mabawa yenyewe nyuma kidogo. Ndege ikapaa wima, ikazunguka, ikatua.

"Irushe tena," baba akasema. Ugali ukapoa.

Nikayaongeza hayo kwenye wasifu. Shangazi Apolinaria akakataa.

"Mchezo wa kompyuta usomwe mbele ya padri? Watu watamcheka marehemu!"

Nikaona huenda asemayo ni kweli. Nikampelekea baba karatasi, nikamsomea.

"Andika alibuni ndege. Andika mimi niliiona ikitua."

"Kaka, watu..."

"Apolinaria, ni mwanangu."

Tulimzika Jumamosi saa tisa alasiri, nyuma ya nyumba. Nilisoma wasifu wote, na hakuna aliyecheka. Padri alibariki kaburi. Baba alitupa udongo wa kwanza, kisha mimi, kisha Emilian. Vijana walifukia, tukaweka msalaba na maua, tukasali pamoja. Kisha tukanawa mikono.