Mfungo Usiosomeka

Shafii bin Assumani alikuwa mtu wa hasira, na Rumonge nzima, mji wa ufukweni mwa ziwa, ilimjua hivyo. Akiuziwa ndagala, dagaa wa ziwa lile, wenye mchanga, alirudi nao sokoni akawamwaga miguuni mwa muuzaji. Lakini hasira iliyomponza haikuwa ya ndagala.

Wakati huo Mdachi, yaani Mjerumani, ndiye aliyetawala, na Shafii alikuwa karani wa boma kwa sababu alijua herufi za Kiarabu na za Kizungu pia. Alipewa kazi ya kunakili kitabu cha vizazi alichokiacha marehemu mwalimu wa msikiti, maana unyevu wa ziwa na mchwa vilikuwa vinakimaliza. Linalosomeka aliliandika kama lilivyo, hata pale mwalimu alipokosea. Lisilosomeka aliliachia nafasi, kando yake akaandika: haisomeki. Kubahatisha alikuona sawa na wizi.

Ndivyo alivyofika kwa mtoto Asiya, binti wa Batuli, mtumwa wa Azzan mwenye biashara ya mawese. Mwaka ulisomeka. Mwezi ulianza na neno Mfungo, kama yaanzavyo majina ya miezi ifuatayo Ramadhani, na lililofuata limeliwa na mchwa. Mosi, Pili au Tatu, Mungu ndiye ajuaye. Shafii akaandika haisomeki, akafunua ukurasa mwingine.

Karani mkuu, Aruna, alipolipitia daftari jipya alimwita. Sheria ya Mdachi ilisema mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya kwisha mwaka 1905 wa Kizungu ni huru, na aliyetangulia ni mali ya bwana wake. Mfungo Mosi wa mwaka ule uliangukia kabla ya mpaka huo, Mfungo Tatu baada yake. Azzan alikuwa anahamia Ujiji na alitaka kuondoka na mtoto. Aruna akasema kwa upole kwamba Mdachi anakuja kukagua na hapendi mapengo, basi aandike Mosi, yaishe.

“Mosi sikuiona,” Shafii akajibu. “Nisichokiona sikiandiki.”

Alitoka bomani kifua mbele. Alipokutana na Batuli njiani, akamsimulia jinsi alivyokataa, akingoja shukrani. Batuli alitua kapu lake la mihogo, akamkazia macho.

“Hilo pengo lako linanisaidia nini, Bwana Karani? Bwana Azzan akiapa, nani atauliza kitabu? Wewe umelinda kalamu yako. Mutoto wangu anapandishwa mutumbwi. Na mimi iko hapa, hujaniuliza nilizaa lini.”

Shafii alikasirika hadi masikio yakamwaka moto. Mtumwa, tena mwanamke, kumsema barabarani! Alitembea mpaka ufukweni akirusha mawe majini. Jiwe la mwisho hakulirusha. Alijua Batuli amesema kweli, na hilo lilimkera kuliko tusi.

Akarudi akamwuliza. Batuli akasema uchungu ulimshika Idi Kubwa, mbuzi wakichinjwa uani. Shafii akaenda kwa mkunga, Bibi Nunu, mwanamke huru asiyemwogopa mtu, naye akasema vivyo hivyo kabla hajaelezwa kisa. Aliitwa kuzalisha mikono ikinuka nyama.

Pengo Shafii hakulijaza. Pambizoni aliandika kwamba kitabu hakionyeshi mwezi, ila mama na mkunga wanasema Idi Kubwa, yaani Mfungo Tatu, na kwamba yeye Shafii ndiye aliyewauliza. Aruna alipoona akaamuru ukurasa uchanwe. Shafii akalikumbatia daftari, akalipeleka mwenyewe kwa Mdachi aliyekuwa amewasili asubuhi ile.

Mdachi akamwita Nunu, kisha Azzan. Alimwuliza Azzan Idi ile alikuwa wapi. Azzan akababaika, mwisho akakiri kwamba mwezi ule wote alikuwa safarini Ujiji, na siku aliyozaliwa mtoto haijui. Asiya akaandikiwa cheti cha uhuru. Kisha Mdachi akafunga daftari. Shafii akauliza, na mama yake je? Akajibiwa kwamba sheria inamtaja mtoto tu.

Batuli alimwacha binti yake kwa Bibi Nunu. Alisema huko Ujiji karatasi haitamlinda, hakuna atakayeisoma. Siku Azzan alipoondoka, Shafii alisimama ufukweni hana kazi tena, kwa kuwa Aruna alikuwa amemfukuza kwa utovu wa adabu. Batuli alipanda mtumbwi akiwa ameuma meno. Hakulia, wala hakumshukuru mtu.

Asiya alikulia Rumonge. Shafii akawa mshona nyavu, na ukali wake ukazidi. Watu wakimsifu barazani kwamba alimkomboa mtoto, aliweka chini kikombe cha kahawa, akainuka, akaenda zake.