Makohozi Mbele ya Mkwe

Maulidi, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, alikohoa miezi minne, na mara tatu vipimo vikasema hana kifua kikuu. Vipimo havikukosea. Kila alipopewa kikopo cha makohozi, alikoholea kichakani huko njiani, akasukutua, akapiga mswaki, ndipo akatia kikoponi mate safi kabisa.

Aliyepokea vikopo pale zahanati alikuwa Bi Swaumu, mama mzazi wa mkewe. Miaka sita ya ndoa, mama mkwe huyo hajapata kumwona Maulidi akila, sembuse akitema. Mtu wa namna hiyo umwambie amkabidhi mkwewe makohozi mazito yenye nyuzi za damu? Afadhali afe, na huko ndiko alikokuwa akielekea. Suruali alishaanza kuifunga kwa kamba.

Kilichomtisha ni Jasmin, bintiye wa miaka miwili, aliyezoea kulala kifuani pake. Wiki ile naye alianza kukohoa.

Ndipo wakaja watafiti na kipimo kipya: tone la damu ya kidole tu. Maulidi akawa wa kwanza kutoa kidole, maana damu hakuionea haya.

"Kaka Maulidi," muuguzi Ummy akamwambia baadaye, "damu inaonyesha dalili za kifua kikuu, lakini peke yake haithibitishi. Tunataka makohozi. Na mtoto aletwe leo hii."

"Nilishaleta mara tatu."

"Ulileta mate."

Akapelekwa nyuma ya jengo, penye upepo. Bi Swaumu alikuwa anamngoja na kikopo, barakoa usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, kohoa."

Maulidi akatazama chini. "Naona haya, mama."

"Najua. Baba mkwe wako naye aliona haya. Alinificha kikohozi chake, mimi mkewe, mpaka tukamzika." Akamsogezea kikopo. "Jasmin ni mjukuu wangu. Tema, mwanangu."

Maulidi akakohoa kutoka kifuani, akatema kikoponi mbele ya mkwewe. Kisha akalia, na hilo nalo mbele yake. Bi Swaumu akafunga kikopo, akaandika jina, akaenda kumchukua mtoto.