Mama mkwe, jiko la mkaa na heshima iliyotaka kutuua Brussels

Wakuu salaam. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe hapa Auderghem, ghorofa ya tatu. Mwenye haraka aruke mwisho, mwenye nafasi avute kiti.

Mama mkwe alikuja kutusalimia kutoka Moro. Kwenye begi kafungasha dagaa, mchele, na jiko dogo la mkaa. Jiko wakuu! Airport alipitaje nalo, mpaka leo sijui.

Sasa jengo letu lina kanuni, zimebandikwa kwenye lift. Kuchoma kwa mkaa kwenye balcony marufuku, jiko la umeme ruksa. Hata kwenye mkataba wa nyumba ipo. Na msitu ulio hapo jirani ndio kabisa, usiwashe hata kiberiti.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Ila nani amwambie mkwe? Kwetu mkwe ukikutana naye unashusha macho.

Nikamwachia mke wangu Neema, ni mama yake. Jumapili ikafika Neema yuko shift.

Mama kaamka na mishkaki. "Baba, mkaa nimeupata dukani. Leo mtakula chakula."

Nikasema, "Asante mama." Uanaume wangu uliishia hapo.

Akaichoma pale pale kwenye balcony. Mishkaki ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Shida ilianza mvua iliposhuka.

Mnawajua mama zetu, makaa mekundu hayapotei bure. Kaingiza jiko jikoni, kabandika maharage, kafunga dirisha na mlango maana baridi ya huku inamtesa.

"Moshi umeisha, baba, makaa yamekolea."

Na kweli moshi ulikuwa umeisha. Kumbe gesi yenyewe ya kuua haina moshi wala harufu.

Mimi sebuleni naangalia mpira. Moyo unasema nenda kaseme, mdomo mzito.

Mara mlango ukagongwa. Ni Papa Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi anayekaa juu yetu. Moshi wa mchana ulimwingilia mpaka chumbani, kaja amefura.

"Bon, mutoto yangu, nani anachoma makala? Hamusomake affiche ya lift?"

"Samahani papa, tumemaliza. Jiko tumeingiza jikoni."

"Ndani ya nyumba?!"

Akanipita na viatu vyake.

Tukamkuta mama kalalia meza. Kichwa kinapasuka, anataka kutapika, miguu haina nguvu.

"Fungua madirisha! Maman atoke inje, mbio!"

Wakuu, nilimbeba mama mkwe mgongoni. Mimi, nisiyethubutu kumtazama usoni. Ngazi zote mpaka chini, naye ananiambia kwa sauti ndogo, "Baba niache, watu wanaona." Niliogopa sijawahi kuogopa hivyo.

Papa Ilunga alishapiga simu, zimamoto wakaja wakapima hewa, wakatoa jiko. Ambulance ikamwekea oksijeni, hospitali wakamlaza. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine.

Jioni nimekaa pembeni ya kitanda na Neema. Mama kafumbua macho.

"Baba, ulikuwa unajua haturuhusiwi?"

"Nilikuwa najua, mama."



"Yaani kunibeba umeweza, kuniambia umeshindwa?"

Wakuu, nikashusha macho.

Mama yuko fresh, lile jiko sasa kapandia kotimiri. Ila nyie mlio ughaibuni: mkaa usiingie ndani hata ukibaki kidogo, someni kanuni za jengo, na ulizeni komyuni yenu, yaani manispaa, maana taratibu zinatofautiana.

Na kama una mkwe, fungua mdomo. Nyie wakwe zenu mnawaambiaje? Nipeni mbinu, hata za kunicheka napokea.