Shangazi Alipopiga Window

Juzi nilimwona fundi mmoja pale Korogwe akichomeka flashi kwenye kompyuta iliyogoma kuwaka, nikamkumbuka shangazi.

Nilipokuwa mdogo tulikaa Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme. Kompyuta ya baba ilikuwa imekufa, na picha zote za marehemu bibi, mama yao baba na shangazi, zilikuwa humo. Shangazi akaitazama, akasema, "Hii ni kuipiga window tu."

Nikakimbilia dirisha la sebuleni, nikalikinga kwa mikono miwili. Kioo chake kilikuwa kipya.

Shangazi hakupiga kitu. Alichomeka flashi, akawasha, akawa anagongagonga kitufe kimoja taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakubwa. Vumbi lililopata moto likanukia sebule nzima. Mashine ikawaka kwa mfumo uliokuwa kwenye flashi. Leo najua kupiga window ni kuweka mfumo mpya wa kompyuta, na kwamba angeweza kufuta kila kitu, akamaliza mapema. Yeye alianza kwa kuokoa picha.

Bibi akatokea kwenye kioo cha kompyuta, anacheka.

"Shikamoo bibi," nikasema, mgongo bado dirishani.

Shangazi ndiye aliyeitika, "Marahaba."