Siku Mto Ulipopungua

Bonde letu, huko Kongo mashariki, ni jembamba hata jua huchelewa kuingia na huwahi kutoka. Milima imesimama pande zote mbili, na mashamba ya mihogo yamening'inia kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona hushika kiuno. Juu kabisa mito miwili inakutana, kisha inapita kwenye mwanya mwembamba wa miamba, halafu ghafla bonde linafunguka na mto unatapakaa juu ya uwanja wa mawe uliyoyaleta wenyewe miaka na miaka. Juu ya mawe hayo ndipo tulipojenga. Watu wa Kampala wakiniuliza kwa nini hapo, napandwa na hasira, maana najua wanataka kusema tulikuwa wajinga. Tungejenga wapi? Kwingine kote ni mteremko.

Baba alitufundisha mto tungali wadogo. Maji yakiwa mekundu, mvua imenyesha upande wa kushoto, kwenye udongo. Yakiwa ya kijivu, ni upande wa kulia. Yakipanda, toeni mbuzi, pandeni kanisani kwenye kilima, subirini. Hayo aliyasema huku akicheka. Lakini jambo moja alilisema ametushika masikio: mvua ikiwa bado inanyesha na mto ukapungua ghafla, msishuke kabisa. Mlima umeporomoka kwenye ule mwanya na kuziba njia. Maji yanajikusanya nyuma ya udongo, na yakiupasua yanakuja na miti, na mawe ambayo wanaume kumi hawawezi kuyasogeza.

Huku Nakivubo, mjini Kampala, nilikofungua duka la vitenge, mafuriko ni kitu kingine. Mtaro unajaa, unatapika chupa na takataka, maji yanaingia dukani hadi kwenye vifundo vya miguu. Baadaye yanashuka, na yakishuka yameshuka. Hakuna mlima nyuma yake. Unachukua fagio, unasukuma matope nje, unaendelea na biashara.

Alasiri ile mtaro ulikuwa umejaa na kushuka. Nilikuwa nimekunja sketi magotini, nimenuna, marobota mawili ya vitenge yameloa. Jirani yangu muuza sufuria alikuwa ananitania kutoka mlangoni kwake, akiniita bibi kwa Kiganda: "Nnyabo, maji imepungua, imeisha hiyo. Nunia mvua, usinunie sisi."

Ndipo simu ikalia. Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Kaka alikuwa mbali kikazi, na yeye alibaki na mama yetu na mtoto wake mchanga. Ametoka kwenye nyanda za juu, kusiko na mto wa kumtisha mtu, kwa hiyo mambo ya mto aliniuliza mimi.

"Wifi, tuko ku kanisa na mama tangu asubuhi," alisema. "Mtoto anasikia baridi. Sasa mto imepunguka sana, hadi mawe inaonekana. Turudie ku nyumba?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua ikipiga mabati ya kanisa. Niliisikia vizuri. Sitajidanganya kwamba mtandao ulikuwa mbaya.

"Kama umepungua si umeisha?" nikamjibu, na kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyelowesha vitenge vyangu. "Rudini mkapike. Nina kazi hapa."

Mto ulikuja kabla ya jioni. Wifi alikuwa amechelewa kidogo akimfunga mtoto mgongoni, hivyo ulimkuta bado yuko kwenye mteremko. Mama alikuwa ameshafika chini. Hatukumpata.

Matanga tuliyaweka nyumbani kwangu, Kabalagala. Watu wa kwetu walijaa hadi uani, wakaimba, wakalia, na walipochoka kulia wakaanza kuuliza. Mama aliishi kando ya mto ule tangu alipoolewa. Ilikuwaje akashuka wakati mto umekauka na mvua inanyesha? Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema ni uzee, akili zilikuwa zimechoka. Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa nashika birika, nawamiminia chai. Nilimwacha mama yangu aitwe hivyo mbele yangu, nikauliza nani hajapata sukari.

Miezi michache baadaye kaka alimleta wifi na mtoto kukaa kwangu. Wifi hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinitesa kuliko matusi. Nilikuwa namtafutia makosa ili tugombane, angalau aniropokee. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa tunachambua maharage, mimi na yeye tu, nikashindwa kuvumilia.

"Ni mimi niliyesema mrudi," nikamwambia. "Baba alinifundisha. Nilijua, nikasema mrudi."

Hakuinua kichwa.

"Najua, wifi. Na mama alijua. Alikataa kushuka, akaniambia mto hii inanyamaza vibaya. Mimi ndiye nilisema tukuulize kwanza. Niliweka simu kwa spika, mama naye asikie." Akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka pembeni. "Ulipomaliza kusema, akasimama, akafunga kitenge yake. Akasema, 'Kama mtoto wangu anasema hivyo, basi mimi ndiye nimeanza kusahau.' Akatangulia kushuka."